Kali ya Voi, kali ya Wundanyi

Matatu ya Wundanyi ikiondoka stendi ya Voi saa saba mchana, abiria wanalalamikia jua kali. Ikishapita Mwatate na kuanza kuzikwea kona za milima ya Taita, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, na watakaochelewa huko juu hadi jioni watalalamikia baridi kali. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, kina mita 2,208. Hewa imegeuka, sweta zimetolewa mikobani, lakini neno ni lile lile: kali.

Sasa mwanafunzi wa kidato cha pili aambiwe aisimulie safari hiyo kwa Kiingereza. Kule chini atahitaji "scorching sun". Huku juu atahitaji "biting cold" au "bitter cold". Akivipishanisha vivumishi hivyo, akaandika "biting sun" na "scorching cold", hakuna kanuni ya sarufi aliyoivunja. Kivumishi kimetangulia nomino kama Kiingereza kinavyotaka, tahajia haina doa, na msomaji ataelewa kilichokusudiwa. Hata hivyo mwalimu atapiga mstari mwekundu, na akiulizwa kosa liko wapi, jibu lake huwa fupi: hatusemi hivyo.

Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii mtoto. Kwa nini hatusemi hivyo? Kwa sababu maneno ya lugha yoyote hayatembei peke yake. Kila neno lina wenzake liliozoea kuandamana nao, na wenzake wa Kiingereza si wale wa Kiswahili. Mtoto wa Voi anaweza kulijua neno, akaijua maana yake, akaijua hata ngeli ya tafsiri yake, na bado asijue linaandamana na nani. Hapo ndipo alama zinapopotelea.

Anayedhani tabu hii ni ya Wakenya peke yao na aitazame Japani ya karne iliyopita. Mwingereza Harold Palmer alifika Tokyo mwaka 1922 kushauri juu ya ufundishaji wa Kiingereza katika nchi hiyo, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyozidi kuona kwamba kumeza maneno moja moja hakumfikishi mtu mbali. Mwaka 1933 akatoa ripoti nzima juu ya maneno ya Kiingereza yanayoandamana. Mwenzake A. S. Hornby, aliyefundisha huko huko Japani, aliongoza kazi ya kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati wa vita, kisha Oxford ikaitoa upya mwaka 1948. Kamusi hiyo ndiyo mzazi wa Oxford Advanced Learner's Dictionary, lile buku nene ambalo mwalimu wa Kiingereza wa Kenya hulitaja kwa jina la Oxford tu, kana kwamba chuo kikuu kilijengwa kwa ajili yake. Thamani yake tangu mwanzo haikuwa idadi ya maneno. Ilikuwa kumwonyesha mgeni wa Kiingereza jinsi neno linavyokaa ndani ya sentensi.

Wanaisimu wa Uingereza walilipeleka suala hilo mbele. J. R. Firth alisisitiza kwamba neno hujulikana kwa wenzake, na mwaka 1966 mwanafunzi wake, M. A. K. Halliday, akatoa mfano wa kikombe cha chai ambao walimu hawajauacha hadi leo. Chai kwa Kiingereza huwa "strong", wala haiwi "powerful". Gari huwa "powerful", wala si "strong" kwa maana ile ile. Hoja, yenyewe, hukubali zote mbili. Hakuna mantiki ya kuyaeleza hayo. Ni mazoea ya watu yaliyoganda. Katika hoteli za barabara ya Mombasa mhudumu akiagizwa strungi huleta chai ya rangi, na ukilisikiliza vizuri neno hilo utaisikia "strong tea" ndani yake, imekaa Kenya mpaka ikapata kitambulisho.

Lakini turudi kwa kali, kwa sababu ndani ya neno hilo moja mna nusu ya tabu yote. Mswahili ana jua kali, baridi kali, upepo mkali, kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, adhabu kali, ukame mkali, ushindani mkali na maumivu makali. Malango ya Kenya nzima yamebandikwa kibao cha "Mbwa Kali", hata kama mwalimu wa Kiswahili angependa kusoma "mbwa mkali". Kiini ni kimoja: kitu kinachouma, kinachokata, kisichotaka mchezo. Kiingereza hakina neno moja la kuubeba mzigo huo. Upepo ni "strong", kisu ni "sharp", pilipili ni "hot", mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", adhabu ni "harsh", ukame ni "severe", ushindani ni "stiff". Mwanafunzi anayelitafuta neno kali katika kamusi ndogo ya mfukoni hukuta "fierce", "sharp" na "severe" zimepangwa foleni, zimetenganishwa kwa mkato, bila kuambiwa ipi ni ya nani. Anachagua ya katikati. Anaandika "We have a sharp teacher", akikusudia kulalamika kuhusu viboko na kazi za ziada. Mwingereza akiisoma ataelewa kwamba darasa hilo limebahatika kupata mwalimu mwerevu. Lalamiko limegeuka sifa, na hakuna aliyejua.

Mambo huenda pia kinyume. Kiingereza nacho kina maneno yake ya kubeba kila mzigo, na "heavy" ni mojawapo: "heavy rain", "heavy traffic", "heavy fine", "heavy smoker", "heavy heart". Kwa Kiswahili mvua ni kubwa, msongamano wa magari ni mkubwa, faini ni kubwa, mvutaji sigara ni sugu, na ni moyo peke yake unaokubali kuwa mzito. Wakati huo huo uzito wa Kiswahili umehamia kwingine kabisa: usingizi mzito, uji mzito, sauti nzito, na ule ukungu mzito unaofunika Wundanyi asubuhi za Julai. Kiingereza huuona usingizi kuwa na kina, "deep sleep", sauti vilevile, "deep voice", ilhali uji na ukungu huviona vina unene, "thick porridge" na "thick fog". Mtalii anayejifunza Kiswahili hunaswa papo hapo anaponaswa mtoto wa Voi, ila yeye akikosea huchekewa kwa upole, na mtoto hukatwa alama.

Vivumishi ni nusu ya hadithi. Vitenzi vina vituko zaidi, na stesheni ya reli ya kisasa ya Voi, iliyoanza kupokea abiria wa Madaraka Express mwaka 2017, ni mahali pazuri pa kuvitazama vikiwa kazini. Abiria anakwenda kukata tiketi. Simu inalia akiwa kwenye mstari wa ukaguzi, anaikata. Anaambiwa nafasi zimejaa hadi keshokutwa, anakata tamaa. Mwishowe anakata shauri kwenda kungoja basi barabarani. Amekata mara nne na hana hata wembe. Kwa Kiingereza angehitaji vitenzi vinne tofauti: "book a ticket", "end a call" au "hang up", "lose hope", "reach a decision". Na angekuwa na kesi katika mahakama ya Voi, akashindwa, angekata rufaa, ambayo kwa Kiingereza "huwasilishwa": "lodge an appeal" au "file an appeal". Kati ya hayo yote, ni simu tu ambayo Wakenya wameivusha na kisu chake. "He cut the call" husikika kila siku kuanzia Voi hadi Nairobi, na aliyeisema haoni ajabu yoyote.

Kitenzi piga hakihitaji utangulizi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ililazimika kukitengea nafasi kubwa, kwa sababu Mswahili hupiga simu, picha, kura, pasi, mswaki, magoti, chafya, hatua na kambi, bila kumwumiza mtu. Kiingereza nacho kina vitenzi vya namna hiyo, vilivyo vitupu kiasi kwamba nomino ndiyo inayobeba maana yote: "make", "take", "do", "have", "give". Mtu "makes a call" lakini "takes a photo". "Makes a mistake" lakini "does homework". "Takes an oath", kiapo ambacho sisi hukila. Anayefikiri kwa Kiswahili ana kitenzi kufanya mkononi, kwa hiyo huandika "do a mistake" kwa moyo mweupe, maana alifanya kosa na alifanya kazi ya nyumbani kwa kitenzi kimoja.

Hapa pana jambo dogo linalostahili kutazamwa. Katika shule za Kenya kiranja wa darasa huandika orodha ya wapiga kelele, na orodha hiyo huitwa "noisemakers". Mtoto wa darasa la nne anaijua. Hatakuja kuandika "beat noise" maishani mwake, ingawa Kiswahili chake kinampigia kelele afanye hivyo. Kwa nini hakosei hapo na anakosea kwa "mistake"? Kwa sababu "make noise" hakujifunza kwenye orodha ya msamiati. Alijifunza ndani ya sentensi hai, yenye jina lake na matokeo yake, tena ikarudiwa kila siku hadi ikaota mizizi. Ushahidi huo unatosha kuliko nadharia nyingi.

Kuna kundi la tatu, la maneno madogo: "to", "of", "in", "at", "for", "about". Hayo ndiyo yanayowachosha hata walimu. Kiswahili hukipa kazi hiyo kitenzi chenyewe kwa kukirefusha: mtu hukimbilia hospitali, hupigia rafiki simu, huhamia Taveta. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kutia neno dogo kando yake. Kutegemea kwa Kiswahili hakuhitaji msaidizi. "Depend" hakiendi bila "on". Kuogopa hujitosheleza, "afraid" hudai "of". Mwanafunzi anajua kwamba Kiingereza hupenda vijineno hivyo, ila hajui ni wapi, na matokeo yake ni kwamba huvitia visipotakiwa na kuvitoa vinapotakiwa. Ndiyo maana Kenya nzima, wabunge wakiwemo, hu-"discuss about" jambo, kwa sababu sisi hujadiliana kuhusu jambo. Na ndiyo maana watu hao hao husema "she is not picking my calls", wakiiacha "up" nyuma.

Baraza la Mitihani la Kenya linalijua hilo vizuri. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina kifungu chenye nafasi 10 zilizoachwa wazi, kila moja neno moja na alama moja. Mtindo huo wa kupima ulibuniwa na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953, awali kwa ajili ya kupima ugumu wa maandishi. Hebu tutunge chetu kifupi, cha barabara ya Wundanyi:

"We set ___ from Voi at noon. Near Mwatate dark clouds had gathered and it looked ___ if it would rain. The driver slowed ___, but nobody paid attention ___ the goats on the road."

Nafasi ya kwanza ni "off" au "out". Kiswahili kingesema tulifunga safari, na katika kufunga hakuna chochote kinachodokeza "off". Ya pili ni "as". Wengi huweka "like", kwa kuwa ilionekana kama mvua itanyesha, na kama ndiyo "like" ya kwanza waliyofundishwa. Ya tatu, "down", huwa rahisi, maana makondakta na mabango ya barabarani wameisema vya kutosha. Ya nne ndiyo tamu. Kiswahili hutilia jambo maanani, yaani hulitia ndani ya maana. Kiingereza hu-"pay" attention, hulipa kama deni, na deni hulipwa kwa mtu, "to". Mwanafunzi anayetafsiri ataandika "on" au "in", kwa sababu kwake uangalifu huwekwa juu ya kitu au ndani ya kitu. Hakuna nafasi hata moja kati ya hizo nne inayopima kama anajua maana ya neno "attention" au "cloud". Zote zinapima kama anajua maneno hayo huandamana na nani.

Kwa watoto wengi wa kaunti iliyo na Voi, Wundanyi na Taveta, Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Milimani wanazungumza Kidawida, na hicho hubadilika kutoka mlima hadi mlima. Sagalla wana Kisagalla. Taveta wana Kitaveta. Mmisionari J. A. Wray alipopiga kambi Sagalla mwaka 1883, wenyeji walikuwa na mpangilio wao kamili wa maneno na wenzake, usioazimwa Uingereza wala pwani. Sera ya sasa inaelekeza wanafunzi wa madarasa ya chini hadi gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao; mjini Voi lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Darasani, kuanzia gredi ya nne, karibu masomo yote isipokuwa la Kiswahili huja kwa Kiingereza, na mtoto anaanza kuandika insha za sayansi kwa maneno ambayo bado hayajazoeana kichwani mwake.

Je, kila mwandamano wa Kikenya ni kosa? Hapa mwalimu na mwanaisimu huachana njia. "Dry tea" kwa Mkenya ni chai kavu, isiyo na mkate wala andazi, na hakuna Mkenya asiyeielewa. "You are lost!" ni salamu ya upendo, umepotea, siku nyingi hatujaonana. Ila mtu akimwambia hivyo mtalii langoni mwa Tsavo Mashariki, mbuga iliyotengwa mwaka 1948 na yenye zaidi ya kilomita za mraba 11,000 na simba wa kutosha, mgeni huyo ana haki ya kuanza kutafuta ramani. Kuna na "I am coming" ya mtu anayeondoka, tafsiri ya nakuja ya Mswahili anayeinuka kitini. Josef Schmied na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chemnitz, Ujerumani, walikusanya katika miaka ya 1990 maandishi na mazungumzo ya Kiingereza cha Kenya na Tanzania, na mkusanyo huo unathibitisha kwamba mitindo kama hii ina mpangilio wake. Si makosa ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford English Dictionary iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "panya route" likiwemo. Wakazi wa Taveta na Holili, wanaozijua njia za panya za mpakani kuliko mhariri yeyote wa Oxford, hawakuombwa ushauri, lakini wangeweza kuutoa.

Msimamo wa busara hapa ni kuzijua zote mbili. Anayeuza tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, anaweza kuagiza "dry tea" na wenzake wa Voi asubuhi na kuandika barua pepe kwa mnunuzi wa Ujerumani mchana, na barua hiyo haitavumilia "discuss about". Kosa halisi ni kutojua kwamba kuna tofauti. Mwongozaji watalii aliyefundwa vizuri anajua kwamba simba ni "a pride", ndovu ni "a herd", na kwamba ndege ni "a flock". Makundi haya watoto wa Kenya wameyakariri tangu shule ya msingi. Anachosahau kumwambia mgeni ni kwamba sokoni Taveta naye ana mtihani wake. Ndizi zikiwa bado zimeshikamana na shina lote ni mkungu. Zikikatwa vipande vipande kila kipande ni chane. Mgeni anayeomba "kundi la ndizi" atapewa, lakini baada ya muuzaji kuwageukia majirani zake na kucheka.

Deni si la upande mmoja. Kiswahili cha magazeti na redio kimekuwa kikiazima miandamano ya Kiingereza kwa kasi, na mara nyingine bila haja. Watahiniwa siku hizi hukalia mtihani, kana kwamba ni kigoda, kwa sababu Kiingereza hu-"sit" an exam. Zamani waliufanya tu. Wanasiasa hucheza jukumu, kila mchambuzi wa kandanda humalizia na mwisho wa siku, na mvua nzito nayo imeanza kunyesha katika taarifa za hali ya hewa. Bodi hazikati shauri tena, hufanya maamuzi. Si kila azimo ni uharibifu. Kuchukua hatua limezoeleka na linafanya kazi. Lakini kukata shauri lina nguvu ambayo kufanya maamuzi halitaipata, na mwandishi anayelitupa kwa sababu tu Kiingereza hakilitumii amejipunguzia zana.

Turudi darasani. Njia zilizotawala shule nyingi ni mbili, na zote zina kasoro ile ile. Ya kwanza ni daftari la msamiati lenye safu mbili, neno na maana. Ya pili ni daftari la "phrases", vifungu vya kupamba insha vinavyokaririwa na kupachikwa popote. Hii ya pili inafanana sana na tunachokitetea hapa, na kwa hiyo ndiyo ya hatari zaidi. "Scorching sun" imo katika daftari hilo. Mwanafunzi ameikariri, na ataitumia katika insha yake hata kama kisa kinaanza saa kumi na mbili asubuhi, hata kama kinatokea Wundanyi mwezi wa Julai. Amepata maneno mawili yanayoandamana, lakini hakupata mahali pake, wakati wake, wala kiasi chake. Maneno mawili bila sentensi ni sawa na mwongozo wa njia usiosema umeanzia wapi.

John Sinclair na kundi lake la Birmingham walipotoa kamusi ya COBUILD mwaka 1987, waliyajenga maelezo yote juu ya mamilioni ya maneno yaliyokusanywa kwenye kompyuta, na maana ya kila neno wakaieleza kwa sentensi kamili. Wazo lilikuwa lile lile la Palmer, ila sasa lilikuwa na ushahidi. Leo mwanafunzi mwenye simu anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo mwenyewe: aandike "strong wind" ndani ya alama za kunukuu kwenye mtandao, kisha aandike "fierce wind", asome sentensi kumi za kila moja, aone zimeandikwa na nani na kuhusu nini. Atagundua kwamba zote zipo, lakini ya kwanza ni ya kila siku na ya pili ni ya msimulizi anayetaka kutisha. Maarifa hayo hayapatikani kwenye safu ya maana.

Asiye na simu ana gazeti la Kiingereza la wiki iliyopita, lile lililofungia sukari. Habari moja fupi ya ukame wa Tsavo au ya ndovu waliovamia shamba inatosha kumpa "severe drought", "destroy crops", "seek compensation" na "lodge a complaint", kila moja ikiwa na mtu, mahali na sababu.

Safu ya tatu, basi, iongezwe kwenye daftari lile la msamiati, nayo iwe ya sentensi, tena sentensi ya Voi, ya Mwatate au ya Taveta, siyo ya mvua ya London. Mwalimu anayesoma haya anaweza kuanza na "sharp teacher" itakayomjia wiki hii au ijayo. Asiishie kwenye mstari mwekundu. Aandike pembeni "strict", aeleze kwamba "sharp" ingemfanya mwalimu awe mwerevu, na chini yake aweke sentensi moja fupi, ikiwezekana inayomhusu yeye mwenyewe.